Nzito Moja, Nyepesi Mbili

Didia, Jumatano, baada ya chakula

Mayu wangu Kabula, mama yangu mdogo,

Nasikia mnavyobishana na mama yako huko chumbani juu ya sanduku. Yeye anataka ubebe michembe ya viazi debe zima, wewe unasema Segese nako watu wanakula. Usishindane naye, mwanangu, chukua nusu. Mambo ya kuchemsha maji, kufunga chandarua na kutoazima watu nguo zako ameshakuambia, na atayarudia kesho mpaka dereva awashe gari. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo langu moja tu, na nimelikalia miaka ishirini na mbili kama kuku anayeatamia jiwe.

Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha kulia, kile cheusi cha safari, kwa sababu najua huwezi kutoka bila kukivaa. Nataka uisome kabla hatujaenda Tinde kupanda basi. Ningeweza kuvuka huo ukuta nikakuambia kwa mdomo. Lakini mdomo wangu ndio ulioniponza, kama utakavyoona, na kalamu angalau haiimbi.

Hadithi ya Segese unaijua. Nani katika kanisa letu asiyeijua? Umeisikia tangu hujaota meno: vijana wawili wa utume, baba yako na marehemu Yohana, walifika machimboni wakakuta watu wawili wamefukiwa na shimo, wakasimama juu ya mwamba, wakaimba, na waliokuwa chini wakatoka wazima. Wazee walipokuuliza mwezi uliopita kwa nini unaomba kupelekwa Segese na si Mwanza mjini kama wenzako, ulisimama wima ukajibu, "Baba yangu aliimba pale, na watu wakatoka ardhini." Kanisa zima likasema amina. Mimi nilikuwa kiti cha tatu, natazama viatu vyangu.

Tatizo, mayu, ni kwamba unaipeleka hadithi kule ilikotoka. Pale Segese, karibu na soko, kuna mzee anaitwa Maduhu, ana hoteli ya chai. Ni mmoja wa hao wawili waliotoka ardhini. Yu hai, ana nguvu, na kunyamaza hajawahi kujifunza. Siku ya kwanza utakapopita na Debora, mwenzako wa utume, mmevaa nguo zenu nyeupe, atakuuliza wewe wa nani. Ukimtajia jina langu atapiga kofi mezani vikombe viruke, aseme, "Ah! Binti wa mpiga ngoma!"

Nawe utasema, hapana mzee, baba yangu ni mwimbaji.

Siwezi kukuacha upate aibu hiyo peke yako, mbali na nyumbani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kidogo, imepita miaka ishirini na zaidi, lakini naona imefika Segese nayo.

Basi kaa kitandani usome.

Kabla sijawa mtu wa kanisa nilikuwa mpiga ngoma wa kundi la jembe hapa Didia. Wewe umekuta makundi hayo yamechoka, lakini wakati ule, miaka michache baada ya Uhuru, kundi letu lililima mashamba ya kijiji kizima kwa zamu, na bugobogobo, ngoma yetu ya kulimia, ikipigwa mbele. Kabla jua halijatoka nilisimama kwenye kichuguu cha nyuma ya kwa babu yako na kupiga mwito. Kila kundi lilikuwa na mwito wake. Wetu ulikuwa nzito moja, nyepesi mbili, nzito moja. Mtu wa kundi akiusikia, hata kama yuko chooni, lazima ajibu: anagonga mpini wa jembe kwa jiwe, nyepesi mbili, maana yake nimesikia, naja. Asiyejibu alichekwa mpaka mavuno. Nilimwona mtu mzima na homa yake ametambaa hadi mlangoni agonge mpini, kisha akarudi kulala.

Nilikuwa hodari, mwanangu. Nasema bila haya kwa sababu nimelinyamazia muda mrefu mno. Vijana walirusha majembe juu na kuyadaka kwa kufuata mdundo wa mkono wangu huu. Na aliyekuwa akicheza mbele ya ngoma yangu, mrefu, mwenye maringo, alikuwa Maduhu.

Nilipobatizwa nilikuwa na miaka ishirini na moja. Mchungaji wa siku hizo alifundisha kwamba ngoma ni ya shetani, na mimi, mtu wa kupita kiasi katika kila jambo, sikungoja niambiwe mara mbili. Nililibeba ngoma langu hadi mbele ya kanisa nikalichoma moto mwenyewe, watu wakitazama. Ngozi ilinuka siku mbili. Bibi yako, yule uliyerithi jina lake, alipita pale akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, Mungu amekuomba majivu?" Nikamwona mama yangu ni mpagani, nikamwombea kwa sauti ili asikie. Ndivyo nilivyokuwa.

Mwaka uliofuata nikachaguliwa kwenda utume. Kanisa letu lilikuwa na utaratibu uleule unaoufuata wewe, wawili wawili, shati jeupe na tai kwa sisi wanaume, na tulikatazwa kutengana hata kwenda kisimani. Mwenzangu alikuwa Yohana wa Tinde, mtu mkubwa mwenye besi ya kutikisa mabati, na mpole kupita kiasi. Mimi nilisema, yeye aliitikia. Tukatumwa Segese wiki moja, kwa wachimbaji waliokuwa wakichokonoa mashimo ya zamani yaliyoachwa na wazungu porini. Tulitoka Jumamosi alfajiri kwa baiskeli moja, tukipakizana kwa zamu, na njia nzima nilikuwa naandaa hotuba. Niliona kabisa watu wanaanguka magotini. Nilikuwa nimeshachagua hata mto wa kuwabatizia, na huko hakuna mto.

Tulifika Jumatatu mchana. Mfanyabiashara mmoja, Bwana Salum, Mwislamu mwenye asili ya Tabora aliyekuwa akiwauzia wachimbaji sukari na mafuta ya taa, akatupa chumba cha nyuma ya duka bila kutuuliza tuna nini mfukoni. Tulipomwambia tunakwenda machimboni kuhubiri akatikisa kichwa.

"Vijana, leo huko hakuna mkutano. Watu wawili wamefukiwa tangu jana. Nendeni mkakae nao tu."

Mkakae nao tu. Maneno matatu, yametoka kwa mtu asiye wa dini yetu, na kama ningeyatii nisingekuwa na barua ya kukuandikia leo. Lakini nilisema moyoni, kumbe Mungu ametuandalia msiba, mioyo itakuwa laini. Nakuandikia nilichosema kweli, mayu, ili umjue aliyekuzaa.

Machimboni tuliona jambo ambalo sijaliona tena. Watu wengi, labda mia, wanaume wenye udongo mwili mzima, wamelala kifudifudi juu ya mwamba, sikio chini, mikono imetandazwa. Kimya. Hata mbwa walikuwa wamefungwa midomo kwa kamba. Nikamshika Yohana mkono nikamnong'oneza, "Unaona? Wanaiabudu ardhi."

Yohana akasema, "Tuulize kwanza."

Sikuuliza. Nilipanda juu ya mwamba, penye ufa mmoja mpana kama kiganja, nikavuta pumzi, nikaimba. Na katika nyimbo zote za kitabu nilichagua ule tunaouimba kaburini, wa kumsindikiza mtu, kwa sababu niliona unafaa kwa msiba. Yohana akaitikia, maana ndiyo kazi yake. Unaijua sauti yangu. Wakati ule ilikuwa mara mbili ya hii.

Ubeti wa kwanza watu waliinua vichwa wakatukodolea macho. Nikadhani wameguswa. Ubeti wa pili mzee mmoja akaja anakimbia kwa ncha za vidole, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye matope. Nilionja udongo. Alikuwa Mzee Ngassa, mwenye duara lile, yaani mkubwa wa shimo. Hakunipiga. Alisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Tunawasikiliza."

Nikauliza, "Kina nani?"

"Walio hai, baba. Wako hai. Wanagonga."

Ndipo nilipofahamu. Chini kulikuwa na njia mbili za zamani, moja inakwenda kulia, moja kushoto, na zote zilikuwa zimejaa kifusi. Wachimbaji hawakujua wenzao wako njia ipi. Wakichimba upande usio wao, zingepita siku nne bure, na watu wale wasingezifikisha. Tangu alfajiri walikuwa wakisikia nyundo ikigonga chini kidogokidogo, wakilala hapa, wakihamia pale, wakitafuta inatokea wapi. Walikuwa wamekaribia kujua.

Ngassa akalala tena, na wote wakalala, nami nikalala na shati langu jeupe. Tukasikiliza. Hakukuwa na kitu. Wakagonga wao kwa nyundo, mara moja, mara kumi. Chini kimya. Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama pembeni na ndoo ya maji aliiweka chini akakaa juu ya udongo. Baadaye nilijua alikuwa mke wa mmoja wao.

Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi wangenitukana.

Nikamwuliza Ngassa waliomo ni nani. Akasema, "Maduhu wa Didia na mdogo wake, Shija."

Mwanangu, hapa ndipo pagumu, na wimbo si mbaya kama hili. Pale pale, alipotaja jina, nilijua la kufanya. Nilijua kuna mlio mmoja duniani ambao Maduhu hawezi kuusikia akanyamaza. Wachimbaji wale walitoka Geita, Kahama, wengine Wasumbwa, wengine Wazinza. Hakuna hata mmoja aliyeujua mwito wa jembe wa Didia isipokuwa mimi. Nami nilinyamaza. Nilikaa juu ya mwamba kwa muda ambao mwanamke angesonga ugali wa nyumba nzima na watu wakala. Nilikuwa namwogopa mchungaji. Nilikuwa nayaona yale majivu mbele ya kanisa na watu waliopiga makofi. Nilijiambia, kama Mungu anataka kuwaokoa ataokoa kwa njia safi.

Yohana ndiye aliyekuja kukaa karibu yangu. Alinitazama muda, kisha akasema, "Wewe kuna kitu unakijua. Uso wako umekuwa kama wa mtu aliyekalia siafu."

Nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Sasa unamngoja nani?"

"Nimeapa, Yohana."

"Basi piga. Mungu akiuliza, nitasema nilikuwepo."

Niliomba mtaimbo, ule mkubwa wa kuvunjia mawe. Nikautafuta mwamba ulio mtupu usio na udongo. Mikono ilikumbuka, mayu, ilikumbuka kila kitu. Nzito moja, nyepesi mbili, nzito moja. Nikangoja. Nikapiga tena. Watu mia wamelala kimya, na mimi peke yangu nimesimama nawaita watu shambani.

Mara ya tatu, Ngassa akainua mkono.

Wote tukasikia. Mbali sana, chini upande wa kushoto, hafifu kama ukucha kwenye kikombe: mbili. Nyepesi mbili. Nimesikia, naja.

Nililia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyeniziba mdomo. Mwanamke yule alichukua ndoo yake akaanza kuwagawia watu maji mmoja mmoja, anasema "Wabeja, wabeja gete," asante, asante sana, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa na kiu.

Tulichimba kushoto. Jumanne yote, Jumatano yote. Mimi na Yohana hatukujua kuchimba, kwa hiyo tulisimama kwenye mstari wa kupokezana ndoo za kifusi. Tai yangu niliifunga kwenye ndoo iliyokatika mshikio, ikakatika nayo. Shati la Yohana lilichanwa kufungia mikono ya watu iliyochubuka. Kila baada ya muda Ngassa alisema, "Mpiga ngoma, waite," nami nikaacha ndoo nikapiga, na chini wakajibu mbili, kila mara karibu zaidi, na watu wakacheka kwa furaha kama watoto. Bwana Salum alifunga duka siku zote mbili akaleta chai kwa masufuria. Usiku nililala kwenye gunia, na katika maisha yangu sikumbuki nimelala vizuri kiasi kile.

Wiki ile sikuhubiri hata neno moja, na nilikuwa na furaha kuliko siku zote nilizohubiri.

Alhamisi asubuhi, jua limeshapanda, wakatolewa. Shija kwanza, kisha Maduhu. Walikuwa wamepona kwa maji yaliyokuwa yakidondoka ukutani. Tulimfunga Maduhu macho kwa mkono wa shati langu, jua lisimuumize, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Nani aliyenigongea jembe?"

Nikasema, "Ni mimi, Maduhu."

Akaipapasa sura yangu kwa vidole. "Wewe si ulichoma ngoma?"

"Nilichoma."

Akanywa maji kidogo, kisha akaanza kusimulia, macho yamefungwa. "Tulikuwa tunagonga tangu alfajiri. Halafu tukasikia sauti kwenye ufa. Maneno hayakufika, lakini wimbo tuliujua. Wa maziko. Shija akaniambia, kaka, wametuzika. Tukaweka nyundo chini; mligonga huko juu, tukadhani mnapanga mawe ya kaburi. Tukaagana. Alinipa salamu za kumpelekea mama, nami nikampa zangu, kama vile mmoja wetu angezifikisha. Halafu, baba, nikasikia naitwa shamba. Nikamwambia Shija, mtu aliyezikwa haitwi kulima." Akanywa tena. "Ila huyo mpumbavu aliyetuimbia wimbo wa maziko, mkimpata mnionyeshe."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa amefungwa macho. Lakini nadhani nilikuwa bado na moto wa ule mtaimbo mikononi, nikasema, "Naye ni mimi, Maduhu."

Kila mtu alituangalia. Maduhu akacheka mpaka akakohoa, mpaka mke wake akamshika mgongo. "Umenizika mwenyewe," alisema, "ukanifukua mwenyewe. Huna hata aibu!" Akanivuta shingo akanikumbatia na matope yake yote.

Nimesamehewa na Mungu mara nyingi, mayu, na ninashukuru. Lakini msamaha ule niliusikia kwa mbavu.

Jumapili hatukuita mtu. Walikuja wenyewe, wakakaa juu ya mwamba uleule, Bwana Salum naye akaja akakaa pembeni na kofia yake. Ngassa akasema, "Sasa tuambie habari zako, tunasikiliza." Nilikuwa na hotuba ya saa mbili tangu Didia. Nikasimama, nikasema wabeja, nikashindwa kuendelea, nikakaa. Yohana akasoma zaburi moja taratibu. Watu walibaki pale hadi adhuhuri wakizungumza mambo yao na Mungu wao, kila mtu kwa kadiri yake. Nimehudhuria ibada nyingi tangu hapo, nyingine nimeziongoza mwenyewe. Kama hiyo sijaiona.

Hiyo ndiyo wiki yangu, Kabula. Ningetamani niishie hapa.

Tuliporudi, mchungaji alitungoja mlangoni na washirika. Habari zilikuwa zimetutangulia nusunusu. Akauliza, "Ni kweli mliimba?" Nikasema, "Tuliimba, mchungaji." "Na watu walikuwa chini ya ardhi?" "Walikuwa chini." "Wakatoka wazima?" "Wakatoka wazima." Akaanza kulia, mzee wa watu, akainua mikono, kanisa likalipuka. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na yote pamoja yakawa uongo. Nilimtazama Yohana. Njiani alikuwa ameniuliza, "Utasema?" nami nikamwambia nitasema. Sasa aliinamisha kichwa. Hakunisaliti hata siku moja, hadi anaingia kaburini, lakini hakuimba nami tena. Alisema koo linamsumbua.

Hadithi ikakua bila mimi. Nikaombwa kuisimulia Tinde, Shinyanga mjini, hadi makongamano. Heshima ni tamu, usidanganywe na mtu. Mama yako nilimwambia mwezi wa kwanza wa ndoa. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka akaniuliza, "Na kanisani utawaambia lini?" Ameniuliza hivyo kila mwaka. Wewe ulifikiri tunagombana juu ya pamba.

Nilipokuwa nikiilinda hadithi yangu, ilibidi niwe mkali kwa ngoma kuliko mchungaji mwenyewe. Unakumbuka ukiwa darasa la tano, ulitoka lamboni na debe la maji kichwani, mkono mmoja umeshika debe, mwingine unaligonga pembeni? Ulikuwa umefundishwa na bibi yako. Nzito moja, nyepesi mbili, nzito moja. Nilikuwa nimekaa barazani na mgeni kutoka kanisani. Niliruka, nikalishusha debe, nikakuchapa mbele yake kwa fimbo ya ng'ombe. Ukaniuliza, "Baba, nimekosa nini?" Nikasema, "Ngoma ni ya shetani."

Hukulia. Ulichukua debe ukarudi kuteka maji mengine, kwa sababu yale yalimwagika.

Nilikuchapa kwa mlio uliowatoa watu wawili kaburini. Nilijua, hata fimbo ilipokuwa hewani nilijua. Katika makosa yangu yote hilo ndilo linaloniamsha, kuliko wimbo, kuliko uongo wa mlangoni. Nisamehe, mwanangu. Hukukosa kitu. Mkataa kwao mtumwa, na mimi niliutumikia uoga wangu miaka mingi, nikataka na wewe uutumikie.

Jumapili hii inayokuja nitasimama kanisani niwaambie. Nimeshamwomba mchungaji wetu kijana nafasi, hajui ni ya nini, anadhani nataka kukuombea. Wakinivua uzee wa kanisa, wana haki. Mama yako amesema atakaa kiti cha mbele asikie vizuri, maana amengoja sana. Ningefanya Jumapili iliyopita, ukiwapo, lakini nilishikwa na ule uoga wangu wa zamani, sikukudanganya nilipokuambia ninaumwa tumbo; lilikuwa linauma kweli.

Huenda sasa unajiuliza uende kufanya nini Segese, ikiwa wimbo haukumtoa mtu. Hilo ndilo limenitia hofu mwezi mzima: kwamba nikisema, nitakukata miguu, na nisiposema, Maduhu ataikata. Siwezi kukuchagulia. Ukivua viatu na kusema Baba, siendi, nitabeba sanduku kulirudisha ndani na sitakuuliza. Lakini mimi naishukuru ile wiki kila siku, ninavyoshukuru kukuzaa. Nilikwenda nikidhani nimebeba kitu cha kuwapa watu, kumbe walikuwa na watu wao chini ya ardhi, na walinihitaji ninyamaze, nishike ndoo, kisha nitoe kile hasa nilichoona aibu kuwa nacho. Mungu alikuwa pale. Hilo sikulisema uongo. Alikuwa pale kabla yangu, amelala kifudifudi pamoja nao.

Nawe una vitu vyako ambavyo labda tulikuonea aibu, sisi au kanisa. Kicheko chako hicho cha bibi yako. Vidole vyako ambavyo haviwezi kukaa kimya mezani. Usivichome.

Mkifika, msalimie Maduhu. Mpe shikamoo yangu, ingawa tuko rika moja, ananidai hiyo. Akikuuliza kama wewe ni binti wa mpiga ngoma, usikane.

Kesho stendi ya Tinde kutakuwa na kelele, mama yako atakuwa analia na kukukumbusha chandarua kwa wakati mmoja, na watu wa kanisa watanitaka niimbe. Sitaimba. Basi likianza kuondoka nitalisogelea ubavuni, chini ya dirisha lako, nitaligonga kwa mkono. Utajua nitakavyogonga. Sijapiga mlio huo tangu Segese, na mkono umezeeka, lakini utakumbuka.

Kama umenisamehe, mayu, gonga kutoka ndani. Mbili tu. Nitasikia.

Baba yako,
mpiga ngoma wa Didia